Gitaa la Fundi Milimita

Mtaani walimwita Milimita, na jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Alikuwa seremala wa kabati na milango, na mlango wake ukifunga, umefunga. Hata upepo ilibidi ubishe hodi. Mteja akimwambia kuwa pengo la unene wa karatasi si kitu, Milimita alimtazama kama aliyetukaniwa mama. Kichwa kigumu, jamani. Lakini mkono alikuwa nao.

Mdogo wake alikuwa mpiga gitaa la solo katika bendi. Nasema alikuwa, kwa sababu miaka ya kusimama mbele ya spika ilimla masikio yote mawili, na daktari alishasema hapo hakuna la kurudisha. Bendi ikamwambia apumzike, na sote tunajua maana ya kupumzishwa. Akabaki nyumbani na gitaa lake la zamani, la bei chee, mgongo umebanduka, uso wa mbao nyembamba unalegalega. Milimita aliliita debe. Kila alipomkuta mdogo wake amelikumbatia, kidevu kimelalia ubavu wa lile debe na macho ameyafumba, alimwonea aibu, kama vile ndugu yake anatembea na suruali iliyochanika.

Siku moja mdogo wake akamfuata karakana. Siku hizo alikuwa akiongea kwa sauti ya juu bila kujua, kwa hiyo hata muuza misumari wa jirani aliyasikia yote. Alitaka gitaa la umeme lenye tumbo wazi, yaani uvungu ndani, pande mbili, na kigogo katikati cha kubeba nyuzi.

"Masikio yameshaniaga, kaka," alisema. "Nataka gitaa la kunitetemesha kifua. Na ufanye upesi, maana hata kile kidogo ninachokipata mfupani kinapungua."

Milimita alichomoa penseli sikioni akaandika kwenye kipande cha mbao: Niachie mimi. Ndivyo walivyozungumza siku hizo, kwa penseli na mabaki ya mbao, halafu Milimita anapitisha randa kufuta. Mdogo wake akamwachia na lile debe, ili avue humo vifaa vya kutumia.

Upesi! Milimita na upesi hawajawahi kusalimiana. Alichora umbo kwenye boksi, akachana, akachora tena. Alishusha darini ubao wa mkangazi aliokuwa ameuficha tangu ujana wake akingoja kazi ya kustahili. Akauchimba tumbo kwa patasi, akauchonga uso kidogo kidogo, akiugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, tena na tena, mpaka mkewe akamuuliza kama ndani kuna mtu wa kumfungulia.

Kisha akaenda kuuliza kwa fundi wa redio, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fundi wa redio alimweleza, na hakukosea, kwamba gitaa la tumbo wazi likisogezwa karibu na spika huanza kupiga mluzi, labda kigogo cha katikati kilishike sawasawa. Mluzi? Gitaa la Milimita lipige mluzi mbele za watu? Alirudi karakana amekunja uso. Kigogo akakifanya kipana, akakigundisha kwenye uso na mgongo kwa urefu wote, akaongeza na mataruma, mbavu za mbao, pembeni. Unywele usingepita.

Sumaku za kunasa sauti na vikazio vya nyuzi alivivua kwenye debe. Bodi lenyewe, lile tumbo la mbao lililobaki, aliligeuza, akalicheka, akalipasua kwa shoka na kulisukumiza motoni chini ya sufuria ya gundi. Mbao kavu zile, ziliwaka vizuri sana.

Siku ya kukabidhi, mdogo wake alikuja na mkewe. Nisiwe mchoyo: gitaa lilikuwa zuri la kutisha, jekundu la kuiva, lina kiuno, huoni lilipoungwa. Likachomekwa kwenye spika. Muuza misumari aliacha duka lake wazi akaja kusimama mlangoni. Shemeji mtu akaanza kulia, kwa uzuri wa sauti ile.

Mdogo wake alipiga, kidevu kwenye ubavu. Akakihamisha kidevu. Akalibana zaidi kifuani. Milimita aliyaona hayo, akapeleka kiganja mgongoni mwa gitaa wakati nyuzi zinalia, akakuta limetulia kama meza. Alikuwa amelifunga kama anavyofunga milango. Alikuwa amewatengenezea gitaa watu wenye masikio, na kulifungua sasa ni kulipasua.

"Zuri sana, kaka," mdogo wake alisema, akiyatazama machozi ya mkewe ili ajue limelia vipi.

Shemeji alipotoka nje, mdogo wake akamsogelea. "Lile debe umeliweka wapi? Mle bado nilikuwa napata kidogo."

Milimita alichukua penseli. Halafu akaandika: Lipo.

"Basi lirudishie vikazio na nyuzi. Nitalifuata Jumamosi." Na uso wake ukachanua kwa mara ya kwanza siku ile.

Tangu hapo Milimita alifunga mlango wa karakana akawa anatengeneza ubovu, debe jingine mfano wa lile. Alinunua mbao laini mbovu kuliko zote dukani, akakata upogo kwa makusudi, akapaka gundi ya kudonoadonoa. Lakini mkono ulishazoea. Akigeuka tu kutafuta msumeno, akirudi anajikuta amenyoosha ukingo, ameziba pengo, amekaza. Bodi la kwanza alilivunja. La pili vilevile. La tatu aliligonga kwa kifundo cha kidole, likajibu kavu na zima, kama mlango wake wowote ule. Akakaa chini kwenye vumbi la mbao akalia, mtu mzima na mvi zake.

Jumamosi mdogo wake aliwahi kufika. Alikuja mikono mitupu ya kubebea debe lake, anacheka.