Bunduki Nyepesi ya Fundi Saa

Fundi Saa alikuwa mtu wa vitu vidogo. Kutwa alikaa nyuma ya kioo cha duka lake, lenzi imebanwa jichoni, akiokota kwa koleo skrubu ambazo wewe na mimi tungezidhania chembe za sukari. Duka lenyewe lilikuwa jembamba, mteja mnene aliingia kwa ubavu. Ukutani zilining'inia saa zinazosubiri wenyewe, kila moja ikisema lake, hata mtu aliyetaka kujua ni saa ngapi ilimbidi atoke akaulize nje.

Lakini msimu wa kuwinda ukifunguliwa, fundi alikuwa mtu mwingine. Alikwenda ofisi ya wanyamapori kuchukua kibali, akafunga duka, akapanda vilimani na shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyo alikuwa makanika wa malori, pande la mtu, na gereji nzima ilimwita Winchi tangu siku winchi yenyewe ilipokatika mnyororo naye akaingiza mabega chini ya gia boksi akaishikilia mpaka wenzake walipoleta magogo. Waliwinda kulungu, mmoja mmoja kwa kibali, na nyama waliigawa kwa ndugu na majirani. Walianza wakiwa vijana wasio na mvi. Walipofika umri wa kuitwa babu, bado walikuwa wanakwenda.

Bunduki ya Winchi aliachiwa na marehemu baba yake. Kitako chake kilikuwa cha mbao, mtutu mrefu, na uzito wa mchi wa kinu. Mgongoni alibeba shanta lililotuna kama mjamzito wa mapacha: kamba, turubai, sufuria, shoka, blanketi, madumu mawili ya maji, na kitunguu kimoja au viwili, kwa sababu, alisema, maini bila kitunguu ni dawa. Kutembea naye ilikuwa kama kutembea na mtu anayehama nyumba.

Fundi alipovuka hamsini, vilima vilianza kurefuka. Mahali alipozoea kupita akipiga mluzi, sasa alisimama kushika kiuno. Akatafuta mchawi, akampata: uzito. Alikuwa amesoma kwenye gazeti la wawindaji kwamba siku hizi mwindaji wa maana habebi chuma cha babu yake. Akauza bunduki yake ya zamani kwa mwenye leseni, akaongeza juu, akanunua mpya ya kitako cha plastiki ngumu na mtutu mwembamba. Ukiishika, mkono wenyewe ulipanda juu kwa kushangaa.

Hakuishia hapo. Alipeleka vitu vyake kimoja kimoja kwa jirani yake sonara, avipime kwenye mizani ya dhahabu. Alikata mkia wa kijiko. Alikata ncha za mikanda ya shanta. Mkewe alimkuta akikata mpini wa mswaki kwa msumeno wa chuma, akamuuliza kama na meno nayo atayapunguza. Halafu akamtazama tumboni akasema kwa upole kwamba kama ni uzito, angeanzia pale palipo karibu. Fundi hakucheka. Mtu akishaona ukweli wake kwenye mizani, mzaha haumwingii.

Msimu huo walikwenda wote wawili, na ndio ulioharibu mambo. Winchi alikuwa anachechemea nyuma, akisimama kila baada ya mwendo mfupi. Walipokaribia ukingo wa bonde, kulungu dume alikuwa amesimama wazi kabisa, kichwa chini, anakula. Sufuria ikagonga shoka. Mlio mdogo tu, lakini mnyama yule hakungoja wa pili.

Fundi aligeuka, na maneno aliyoyalimbikiza tangu asubuhi yakamtoka yote.

"Unaona? Mimi nimepunguza mpaka kijiko, wewe unapanda na jiko zima. Unanichelewesha, shemeji. Ningekuwa peke yangu ningeshafika."

Winchi alikuwa ameinama, mikono juu ya magoti, anavuta pumzi.

"Basi siku nyingine nenda peke yako," alisema. "Uende mwepesi."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo fundi alipokosea: alidhani amepewa ruhusa.

Msimu uliofuata hakumpigia simu. Mkewe alimuuliza mara ya kwanza, akajibiwa kwamba kaka yake ana kazi nyingi gereji. Akauliza mara ya pili, akajibiwa kwamba mtu mzima haongozwi mkono kama kipofu. Asubuhi ya safari alimsindikiza mpaka kwenye gari, akashika mlango kama mtu mwenye la kusema. Mwishoni alimwambia tu asipande kwa haraka.

Na kusema haki, kupanda kulikuwa kwepesi. Bunduki haikumkata bega, mgongo haukutota jasho, na alifika nusu ya kilima kabla jua halijawa kali. Alijisifu moyoni. Alijiona kama barobaro. Kilichomshangaza kidogo ni maji: alichukua chupa moja, na ilikwisha mapema kuliko alivyotarajia.

Kulungu alimtokea ng'ambo ya korongo. Dume, pembe zimesokotwa vizuri, ubavu wote wazi. Fundi aliinua bunduki, akatafuta pa kuiegemeza. Miaka yote, katika hali kama hiyo, Winchi alilala chini akasukuma lile shanta lake mbele, na fundi aliuweka mtutu juu yake kama anaulaza mtoto kwenye mto. Sasa mbele yake palikuwa na majani tu. Ilimbidi apige akiwa amesimama, kifua kinapanda na kushuka, upepo unavuma kwenye korongo. Bunduki nzito hutulia kwa uzito wake wenyewe. Hii ilicheza mikononi mwake kama ufito. Alivuta. Ikampiga teke la bega mpaka akaona nyota, na alipotazama tena, kulungu alikuwa anakimbia amejikunja katikati.

Alijua amempiga tumboni. Hakuna mwindaji asiyejua maana ya hilo.

Alifuata damu. Ilipotea kwenye mawe, akaipata kwenye majani, ikapotea tena. Jua lilikuwa utosini, koo limekauka, na kifua kilianza kumbana kwa namna aliyokuwa ameisahau. Alimkuta mnyama mchana umeshasonga, amelala chini ya kichaka, bado hai, anamtazama. Alimmaliza. Kisha akakaa chini kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuwinda hakujua afanye nini baada ya hapo.

Hakuwa na kamba ya kumtundika. Hakuwa na turubai la kufunikia nyama wala shoka la kukatia miti. Kisu chake kilikuwa kile chembamba alichokisifu kwa sonara. Alitoa paja moja la nyuma, akaliweka begani, na hata hilo alishuka nalo kilima akipumzika kila penye jiwe. Mengine yote aliyaacha. Alipogeuka kutazama, ndege walikuwa wameshaanza kuzunguka.

Njiani ndipo alipoanza kukumbuka vizuri. Misimu yote hiyo, yeye alishuka na bunduki yake na maini mkononi, akipiga hadithi. Nani alikuwa anashuka na mnyama? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, naye alilitazama kanda lile miaka na miaka bila hata kuliuliza lina nini ndani.

Mkewe alilipokea paja jikoni, akaliweka mezani, akasubiri. Alipoona hakuna kinachofuata akauliza mengine yako wapi. Fundi alimwambia, bila kuficha. Mkewe alivuta kiti akakaa.

"Unakumbuka mwaka ule ulioumwa kifua, ukalazwa?" alisema. "Daktari aliniambia kupanda unaweza, ila usibebe vizito wala usikae na kiu. Nilijua nikikwambia utaacha kuwinda kwa kununa, au utabeba zaidi kwa ubishi. Nikamwambia kaka."

"Akasemaje?"

"Alisema nikuachie bunduki yako ubebe, ujisikie mwanaume. Hayo mengine ni yake."

Fundi alikumbuka lile dumu la pili. Kila mwaka alikunywa humo, na kila mwaka alimtania Winchi kwamba mwili mkubwa una uroho wa maji.

Hakwenda kumwona siku ile wala wiki ile. Aibu ni kitu kizito. Alijiambia atakwenda Jumapili, na Jumapili ikija alikumbuka saa ya mtu ambayo lazima ikamilike. Msimu ukafungwa. Mvua zikaja zikaisha. Alipopata ujasiri wa kubisha hodi kwa shemeji yake, alimkuta sebuleni, miguu imenyooshwa juu ya stuli, magoti yote mawili yamefungwa bandeji, fimbo imeegemezwa ukutani.

Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto. Chai ikaletwa. Winchi alieleza kama anaeleza lori la mtu: magoti yamesagika, miaka ya kuchuchumaa chini ya magari, na miaka ya kushuka vilima na mizigo. Daktari amesema ngazi za nyumbani zinatosha. Bunduki ya baba ameshairudisha kwa wenye mamlaka, kwa sababu kuitazama ukutani kulikuwa kunamtesa.

"Lini yalianza?" fundi aliuliza.

"Zamani. Ule mwaka wa sufuria yalikuwa mabaya. Uliofuata nilisema nitajikaza, niende mara moja ya mwisho, basi." Akanywa chai. "Lakini hukupiga simu."

Fundi alikuwa amekuja na bunduki ndani ya mfuko wake, bila risasi, akiwa na mpango ambao sasa hakuuelewa hata yeye. Aliitoa, akafungua chemba kuonyesha ni tupu, akampa. Winchi aliipima mkononi, akaiweka begani, akalenga ua lililokuwa dirishani.

"Nyepesi kweli," alisema. Akaigeuza, akapapasa kitako. "Wanaosema uzito si kitu hawajapanda na magoti kama haya. Hii, shemeji, ingenifaa mimi."

Akamrudishia. Haikuwa lawama, na fundi angependa iwe lawama. Alitafuta maneno, akayapata machache, akaomba radhi kwa sufuria, kwa simu, kwa dumu la maji. Winchi alimwambia kwamba alishamsamehe siku ile ile kilimani.

"Ila magoti hayasikii samahani," akaongeza, akacheka kidogo, na fundi naye akajaribu kucheka.

Siku hizi vijana wawindaji wakileta saa dukani humuuliza kuhusu bunduki nyepesi, kwa kuwa sifa zake za kukata kijiko zilisambaa. Huwajibu kwa kirefu. Kupanda zinasaidia, huwaambia, kupiga ndiyo shida. Kwenye upepo hazitulii. Nunua viatu kwanza. Halafu huwauliza wanakwenda na nani, na wengi hudhani swali hilo ni maneno ya kupitisha muda tu.

Msimu mwingine ulipofunguliwa, alichukua kibali kama kawaida, akampitia Winchi nyumbani, akamsaidia kuingia garini. Shemeji alisema atafurahi kukaa chini ya kilima tu anuse hewa. Alikaa kiti cha mbele, mlango wazi, darubini shingoni. Fundi alipanda kidogo, mpaka pale njia inapoingia kwenye miti, akasimama. Kutoka pale aliliona gari dogo kule chini, na mtu ndani yake ameelekeza darubini ukingo wa bonde, mbali sana na alipo yeye, mahali ambapo hakuna kati yao aliyekuwa akienda.

Akageuka akashuka.

"Mbona mapema?" Winchi aliuliza.

"Upepo mbaya," alisema fundi.

Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Winchi aliitazama miti, akamtazama yeye, akasogeza fimbo yake ili fundi apate pa kukaa.