Yoti ya Mgombani

Mimi si mlevi, si mwongo, na siku ile sikuwa na homa. Kama umeshaanza kucheka, cheka umalize, halafu unisikilize. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, kwetu Kilema, mlimani juu ya Moshi, ndani ya kihamba cha baba yangu, shamba letu la ukoo. Mpaka leo ukinikaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, nitakushukuru, lakini sinywi. Nitakwambia kwa nini.

Watu wa rika langu mnaikumbuka ile miaka ya ruksa. Maduka ya Moshi mjini, ambako tulikuwa tunapanga foleni kwa ajili ya sabuni, ghafla yakajaa kila kitu. Sokoni Kiboriloni mitumba ikamwagwa chini mpaka unakanyaga makoti ya Ulaya. Watu waling'oa kahawa wakapanda nyanya, na kila mtu akawa na biashara. Baba yangu naye akarudi nyumbani na ya kwake. Wenzake walifungua grosari; yeye alikuja kuunda boti ya kifahari mlimani.

Usinikatize. Najua bahari iko Tanga.

Baba alikuwa seremala, tena wa mkono wa kushoto. Ujanani alikwenda Mombasa, na kutoka huko akachukuliwa Ulaya, kwenye kiwanda kinachoheshimika cha kuunda meli za matajiri, zile wenyewe wanaziita yoti. Akija likizo ya Krismasi alituletea kalenda ya kiwanda, kila mwezi na yoti yake inayouzwa. Moja ina bwawa la kuogelea, nyingine ina kitanda cha mviringo, nyingine ina ngazi ya mbao inayong'aa mpaka unaona aibu kuitazama. Tulizibandika sebuleni kuzunguka picha ya Moyo Mtakatifu. Baba alikuwa ananyoosha kidole: "Ngazi hii ni mkono wangu. Mlango huu ni mkono wangu." Lakini chini ya picha palikuwa na jina la kiwanda tu. Nafikiri hilo ndilo lililomrudisha.

Alitaka kuunda moja iuzwe kwa jina lake. Akajenga banda refu lisilo na kuta katikati ya migomba, akaangusha mti wetu mkubwa wa mringaringa, akaanza. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, basi nikawa mtu wa msasa na vanishi. Ah, siku zile! Harufu ya vanishi imechanganyika na moshi wa jikoni kwa mama, redio ndogo imening'inia msumarini, baba anaimba nyimbo za kanisani huku anakosea maneno makusudi ili nimrekebishe. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, na nasema hivyo nikiwa na nyumba yangu na wajukuu.

Chini kwenye lami aliweka kibao: YOTI INAUZWA, PANDA JUU. Watalii walisimamisha magari kukipiga picha. Majirani walimwita Meku Nuhu, yaani Mzee Nuhu. "Meku Nuhu, mvua lini?" Baba alicheka nao. Aliwaambia wote wavue viatu kabla ya kupanda, hata paroko alipokuja kuibariki alipanda na soksi. Na ilipokamilika hakuna aliyecheka tena. Akaja mtu mwenye hoteli Tanga, akakagua ndani yake chumba kwa chumba, akasema anaichukua, mradi ifike kabla ya Agosti kwisha. Ikichelewa, anatafuta nyingine.

Sasa sikia kosa la baba. Yoti ilikuwa ndefu kuliko nyumba yetu. Mbele kuna nyumba, upande mmoja kuna mfongo, mfereji wa maji, upande mwingine makaburi ya babu na bibi. Njia iliyobaki ilipita kwa Baba mkubwa, kaka yake wa tumbo moja, na kati yetu na yeye kulikuwa na mpaka wa masale aliopanda babu.

Wewe usiyetoka kwetu, isale utaliona ua tu. Kwetu ni mpaka, na ni msamaha pia. Ukimkosea mtu unalifunga jani lake fundo, unampelekea, na yeye haruhusiwi kukataa hata kama ulimchomea nyumba. Masale hayang'olewi hovyo. Baba alikuwa amekaa Ulaya mno. Alimwambia kaka yake wang'oe kipande ili boti ipite, na Baba mkubwa aliposita, baba akapandwa na hasira: "Kaka, haya ni majani tu!"

Majani tu! Baba mkubwa alimtazama, akasema, "Kama ni majani, basi hilo dude lako litaotea hapo hapo." Akaingia ndani. Tangu siku hiyo hata kanisani padre akisema tupeane amani, Baba mkubwa alimpa mkono kila mtu kwenye benchi akamruka baba. Mama alimsihi baba apeleke isale, yaishe. "Nitampelekeaje isale mimi niliyeliita majani tu?" ndilo jibu lake. Alijua amekosa, ila aibu ilimkaba.

Kifua kilimchukua mwezi wa sita. Siku za mwisho alikuwa anasema jambo moja tu: iguse maji, mwanangu, iguse maji. Tulimzika mgombani, kando ya babu na bibi. Baba mkubwa alisimama ng'ambo ya masale, kofia mkononi, hakuvuka. Nilimchukia, sikufichi. Nikaacha kumwita Baba mkubwa, nikawa namwita "jirani". Matanga yalipokwisha nilishuka lami nikang'oa kibao, nikakitupa darini. Nani angeinunua yoti isiyoweza kutoka?

Hata hivyo niliendelea kuipaka vanishi. Sikuwa na kingine cha kufanya na mikono yangu.

Mwezi wa saba kwetu unaujua: baridi, na ukungu unaoshuka mchana mpaka huoni mgomba wa pili. Mama alikuwa sokoni. Nilikuwa bandani peke yangu niliposikia hodi. Akaingia mwanaume mwenye koti refu, kofia imeshuka usoni. Nikamwamkia, shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Nimesoma kibao. Nimekuja kuiangalia yoti."

Je, nilikumbuka kwamba kibao kiko darini? Wala! Niliwaza mteja tu. Nikamtolea mbege, nikaionja kwanza kama inavyotakiwa, ilikuwa tamu, nikampa kata. Alimwaga kidogo chini kwa ajili ya wazee, akaishika. Halafu akavua viatu bila kuambiwa. Miguu yake ilikuwa imelowa. Nikadhani ni umande.

Tukapanda. Alipitisha kiganja kwenye ngazi, kwenye milango, kila kiungo, polepole. Akauliza, "Kwa nini haijaguswa na maji?" Nikamwambia jirani amekataa njia. Akasogea kwenye usukani. Ndipo nikahisi sakafu inanyanyuka chini ya miguu yangu, ikashuka, ikanyanyuka tena. Nikashika ukuta. Niamini, ile boti ilikuwa imekaa juu ya magogo kwenye udongo mkavu, nami niliyapanga mwenyewe pamoja na baba. Nikatazama nje kwa kidirisha. Ukungu umelala mweupe, sawasawa, na vichwa vya migomba vilikuwa vinapita. Vinapita, kimoja kimoja, kurudi nyuma. Tulikuwa tunakwenda! Nikaita Yesu na Maria kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

Yeye alikuwa amesimama pale kwenye usukani, ametulia. Boti ikasimama. Akatoa kitu mfukoni akanipa: jani la isale, bichi, limefungwa fundo. "Mpelekee baba yako mkubwa," akasema. "Usiseme neno. Mpe tu."

Akashuka, akatoka bandani, ukungu ukamfunika. Nilisimama pale na jani langu, na ndipo akili ilipoanza kufanya kazi. Mimi nilisema "jirani" tu. Nani alimwambia ni baba yangu mkubwa? Na kibao amekisoma wapi? Kata ilikuwa imeachwa ukingoni, bado ina mbege yote kasoro ile aliyomwaga. Nikainywa yote kwa hofu. Ilikuwa na chumvi. Si chumvi ya kuonja, ni chumvi ya kutapika. Sakafuni, kila alipokanyaga, palikuwa na maji, nikachovya kidole: chumvi vilevile.

Nilikimbia mpaka kwa Baba mkubwa. Alikuwa anawakatia ng'ombe majani ya migomba. Nikamnyooshea isale bila neno. Alilipokea, kwa sababu halikataliwi, na uso wake ulikuwa bado umekunjwa. Halafu akaliona fundo. Akaligeuza. Akakaa chini palepale kwenye samadi.

"Nani kafunga hili?"

"Mteja."

"Mteja gani! Baba yetu alitufundisha fundo hili tukiwa wadogo, la kufungia mizigo ya majani ya ng'ombe. Mimi nalifunga hivi." Akanionyesha hewani. "Hili limepinda kushoto. Hakuna mwingine aliyelifunga kushoto. Nilikuwa namcheka." Akalia, mwanaume mzima, kwa sauti. "Amekuja mwenyewe. Mpaka ameanza kuoza ndiyo amekuja! Kwa nini mimi sikwenda?"

Nikamkumbatia, nikamwita Baba mkubwa.

Asubuhi alileta jembe. Hakukubali mtu amsaidie. Aling'oa masale moja moja na mizizi yake, na kila moja akalibeba mwenyewe mpaka kaburini kwa mdogo wake, akalipanda pale, akamwagilia. Siku lori la yule mwenye hoteli lilipokuja, kabla ya Agosti kwisha, yoti ilipita kwenye uwazi ule huku wanakijiji wanapiga vigelegele, na ilipoinama kushuka kwenye lami, maji yalimwagika kutoka tumboni mwake, wakati mvua haikuwa imenyesha. Dereva alidhani tumeiosha. Huko Tanga yoti ilishushwa baharini na jina la baba limechongwa ubavuni, na Baba mkubwa, ambaye hakuwahi kuona bahari, aliingia majini na suruali yake ya kanisani.

Ule uwazi haukuzibwa. Umekuwa njia kati ya nyumba zetu mbili, na wajukuu hawajui kama palikuwa na mpaka. Mama alifurahi, mimi nilifurahi. Lakini mbege, hata iliyopikwa na mikono yangu, ikifika mdomoni mwangu ina chumvi. Nimejaribu mara nyingi. Nimeacha.

Sasa wewe uliyekaa hapo. Yuko mtu unayemruka padre akisema tupeane amani, nakuona unavyotazama chini. Kata jani leo. Ukichelewa, atakuja yeye na miguu iliyolowa, na hutapata tena nafasi ya kumwambia hata pole.