Jumamosi Zetu ni za Matanga

Kazini kwetu kila Ijumaa kuna mtu huuliza, "Wikendi hii tutoroke wapi?" Na watu hutaja: Dunga kula samaki, Kit Mikayi kupanda mawe, Ndere kuona swala, Takawiri kulala mchangani. Mimi nikifungua mdomo nitagombana na mtu asiye na kosa.

Mama yangu alitaka safari moja tu. Alikuwa na presha ya macho, na daktari alitwambia waziwazi, mbele yake, kwamba macho yale yanaondoka na hayatarudi. Miezi michache, akasema. Siku hiyo, tukirudi kwangu Migosi, mama alisema anataka kuona flamingo wa Simbi, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay. Hapo ndipo alipochungia mbuzi wa baba yake akiwa msichana.

"Niwaone hao ndege mara moja tu," akasema. "Halafu giza likitaka lije."

Kutoka Kisumu si mbali. Unatoka asubuhi, unaona ndege, unakula samaki, unarudi jua lingali juu. Nani angeshindwa na hilo? Sisi tulishindwa.

Kaka yangu mkubwa ndiye mwenye gari, na mama alitaka kupelekwa na kifungua mimba wake. Lakini Jumamosi kwetu si siku ya walio hai, ni siku ya kuzika. Jumamosi ya kwanza alizikwa mjomba wa mke wa jirani yake. Ya pili, mwalimu wake wa darasa la tatu. Ya tatu, mtu ambaye, haki ya Mungu, kaka yangu alimjulia kwenye picha ya fulana waliyovalishwa pale matangani! Yeye ni mtu wa kamati. Hakuna hema linalosimamishwa asipokuwepo kunyoosha kidole.

"Nisipoenda watu watasema nini?" akaniuliza kwa simu.

"Na mama je?"

"Haraka haraka haina baraka. Hilo ziwa linaenda wapi?"

Ziwa haliendi mahali, mjinga wewe, macho ndiyo yanaenda! Nilimwambia hivyo hivyo, akanikatia simu.

Kuna siku tulifika hadi Katito, njiani. Mama alikuwa amekaa mbele, amejifunga kitambaa kipya cha kichwa alichochagua sokoni Kibuye kwa kukipapasa, na kila mara anauliza kama tumeshapinda kuelekea Kendu Bay. Simu ya kaka ikalia. Binamu wa mbali amefariki, kamati inakutana saa sita mjini. Gari likageuzwa pale pale. Yawa! Nilipiga kelele mpaka akina mama wauza nyanya wakasimama kututazama. Mama alikifungua kile kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani.

Kila mtoto wa kwetu anajua hadithi ya Simbi: kijiji kilimfukuza mwanamke mzee kwenye sherehe, maji yakakimeza chote. Sisi hatukumfukuza wetu. Tulimwambia "Jumamosi ijayo, mama", kwa adabu, na kikombe cha chai juu.

Nami nisijifanye malaika. Teksi zilikuwepo. Ningekodi moja asubuhi yoyote, tungefika. Sikukodi, kwa sababu nilitaka kaka yangu aone haya, ampeleke mwenyewe, nimshinde. Nilikuwa nashindana naye juu ya macho ya mtu mwingine. Hilo linanikera kuliko matanga yote, na sina wa kumlaumu.

Hatimaye ikapatikana Jumamosi isiyo na maiti. Kufikia hapo mama alikuwa anatutambua kwa sauti tu. Tulipofika Simbi tulimshika mkono, mimi huku, kaka kule, tukamtembeza polepole hadi ukingoni, akisimama kila baada ya hatua chache kupumzisha magoti. Nikainua macho. Hakukuwa na flamingo hata mmoja. Walikuwa wamehama, kama wanavyohama wakitaka. Maji ya kijani, mawe, upepo, basi.

"Wapo?" mama akauliza.

Kaka yangu akaniwahi kujibu.

"Wapo, mama! Wengi ajabu. Wamejaa mpaka ng'ambo ile."

Ningeweza kumsukuma majini, na suti yake ya matanga. Mama alitabasamu kidogo, akageuza sikio kuelekea ziwani. Alisikiliza. Alisikiliza muda mrefu, na lile tabasamu likaondoka lenyewe.

"Hao ndege hawajui kunyamaza, mwanangu," akasema. "Nirudisheni kwenye gari."