Vidonge vya Mama Mchuma Kahawa

Mwanzoni nilidhani dawa zenyewe ndizo mbovu. Nilikuwa dresa, msaidizi wa daktari, katika zahanati ndogo upande wa Ruiru, miaka ya hamsini, na mgonjwa aliyenikosesha usingizi alikuwa mama mmoja mchuma kahawa, mwenye kifua kikuu na mtoto wa kunyonya. Nampa vidonge, anarudi amekonda zaidi. Daktari wa Thika akasema hali ikiendelea hivyo atalazwa mbali, mtoto abaki, na kurudi kwake ni majaliwa.

Nikaenda kambini kwao jioni. Nikamkuta ameketi na majirani, anakata kidonge kwa kisu! Kila aliyekohoa alipewa kipande.

"Aai, mama! Unajiua!"

"Daktari," akanijibu kwa upole, "hawa ndio walionilimia nilipojifungua. Nitakulaje peke yangu wakiniangalia?"

Nilitaka kumpokonya kile kisu, haki ya Mungu. Lakini kwetu afadhali mtu afe kuliko kuitwa mchoyo, na hilo halitibiwi kwa kufoka. Nikavuta debe nikaketi.

"Mkifanya ngwatio," nikawauliza, "mkilimiana kwa zamu, majembe yote huenda wapi?"

"Kwa mwenye zamu."

"Hakuna anayeponyoka na jembe lake akalime kwake kidogo?"

Wakacheka. "Huyo tungemfukuza!"

"Basi leo zamu ni ya kifua cha huyu. Vidonge hivi vyote ni majembe yake. Mkivigawa, yeye haponi na nyinyi hamponi. Wenye kikohozi waje kesho niwapime, wapate zamu yao."

Mkubwa wao, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, akachukua kisu akakikalia. "Mleteeni maji," akasema. "Ameze tukiona."

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma, walimzunguka. Meza! Fungua mdomo! Alinilalamikia kwamba ni wabaya kuliko nyapara. Kikohozi kilipokwisha akataka kuacha dawa, wakamkatalia katakata: mahindi yakishaota, nani huacha kupalilia?

Siku daktari wa Thika alipotangaza amepona, wote walikuwa wamejaa nje ya dirisha la hospitali huko Thika. Wakapiga vigelegele vitano, vile vya mtoto wa kiume akizaliwa. Mlinzi akaja mbio kuwanyamazisha.

"Nyamaza wewe!" nikamfokea, machozi yakinitiririka. "Hawa ndio waliomtibu."

Mama akamfunga mtoto mgongoni, wakarudi naye Ruiru.