Ngoma Isiyomjibu Muuzaji

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Lamu mjini, na hata ungekaa mbele yangu bado ningekuandikia badala ya kukusimulia kwa mdomo. Utajua kwa nini. Usiamini ukitaka, lakini soma hadi mwisho.

Mimi ni mtu wa bara, mwalimu wa shule ya msingi. Jumapili nilikuwa naongoza nyimbo na kupiga ngoma kanisani, na kila jioni nilimwimbia binti yangu Neema mpaka alale. Sauti ndiyo kitu pekee nilichosifiwa maishani, nami niliringa nayo, kwa nini nikudanganye?

Ngoma ndogo ya kanisa, ile ya bendi yenye nyaya chini yake, ilikuwa imepasuka. Nikatoka kutafuta nyingine ya bei nafuu. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, wenye maduka wakafunga wakaenda kusali, mimi nikaendelea kuzurura. Mwenyeji angerudi kwake, maana husemwa magharibi si saa ya binadamu kuwa nje. Mimi nilipoona duka moja liko wazi, nilishukuru.

Ndani, kati ya ndoo na mabeseni ya plastiki, alikaa mwanamume mwenye kanzu safi. Ngoma ilikuwa miguuni pake.

"Ndoo ndani, mwalimu," akanikaribisha kwa Kiamu chao. "Itezame."

Nani alimwambia mimi ni mwalimu? Sikujiuliza. Macho yangu yalikuwa kwenye ngoma. Bati jembamba, skrubu zimeliwa na chumvi, ngozi ya plastiki. Ukiitazama tu, takataka. Nikaigonga ukingoni, nikaja katikati polepole, maana ngoma rahisi huficha ubovu wake hapo. Hii ilitoa mlio mkavu, safi, kama bisi zinazopasuka ndani ya sufuria. Nikajikaza nisitabasamu, asije akapandisha bei.

Kuna jaribio moja ambalo sisi wapiga ngoma hulifanya mwishoni. Unasema karibu na ngoma bila kuigusa. Nyaya zikiwa nzima, hutetemeka kwa sauti ya mtu yeyote, hata anayekohoa.

"Haloo," nikasema. Nyaya zikavuma.

"Unauza kiasi gani?" nikauliza. Zikavuma tena.

Akainama mpaka mdomo wake ukakaribia kugusa ngozi. "Nena nayo kwanda," akasema. "Bei tutanena nyuma."

Nyaya zilikaa kimya. Niamini, nilisikia vizuri. Mbona sikukimbia? Majivuno tu. Nilijiambia ngoma imependa sauti yangu, basi nikaiimbia ubeti mzima wa ule wimbo wa kumlaza Neema. Nyaya zikalia nami hadi neno la mwisho.

"Imetosha," akasema yule mtu akinisukumia ngoma, na safari hii nyaya zikatetemeka kwa sauti yake. "Tukua. Nimeshalipwa."

Nikafungua kinywa nimshukuru. Ukatoka mnong'ono.

Kesho yake nilirudi, nikamkuta Bi Rukia, mwenye duka, akipanga ndoo zake. Nilimweleza kwa huo mnong'ono nilioachiwa.

"Adhana ikilia mimi hufunga, na ufunguo hulala nao," akasema. Kisha akashusha sauti. "Ulinena nayo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akashika mkono wangu.

"Mtunde mwanao, mwalimu," akanionya nimlinde.

Hospitali wamelichunguza koo langu, hawakuona kasoro. Kanisani wamepata mtu mwingine wa kuongoza nyimbo. Ngoma iko nyumbani juu ya kabati, kwa kuwa naogopa kuitupa na naogopa kumpa mtu. Mara nyingine mimi hujaribu kusema nayo. Hainijibu.

Juzi magharibi nilikuwa nimekaa mkekani na Neema. Ghafla akainua kichwa, akacheka, akainuka kuelekea mlangoni. Nikamshika mkono.

"Niache niende!" akasema. "Baba ananiita. Anauimba wimbo wetu."

Kisha akageuka, akaniona ni mimi niliyemshika, nami nimefumba mdomo. Akaanza kulia. Juu ya kabati nyaya zilikuwa zikivuma.

Sasa adhana hunikuta nimeshatia komeo, na Neema nimempakata. Nawe ukipita vichochoro vyetu saa hiyo, ukisikia sauti nzuri ya mwalimu inakuita kwa jina, usiitike. Mimi siwezi tena kumwita mtu.