Daktari Aliyeishia Kidato cha Pili

Mama Pacha alikuwa na kinyongo, na hakuwa na mpango wa kukiacha. Wengine wakikosewa humwachia Mungu. Yeye alisema Mungu ana kazi nyingi, hii ataifanya mwenyewe.

Shule aliiacha kidato cha pili, tumbo likiwa limeshaanza kumsema. Mapacha walipozaliwa akajifunza uandishi huku ananyonyesha. Alisoma chochote kilichomfikia: magazeti yaliyofungiwa vitunguu, karatasi za maelezo ya dawa, vitabu vya kuazima visivyorudi kwa wenyewe. Makala yake ya kwanza ilitoka katika gazeti la Jumapili, ukurasa wa familia, na tangu hapo akawa mwandishi wa kujitegemea. Aliandikia mezani jikoni, kwenye kompyuta iliyokufa betri, umeme ukikatika na sentensi nayo imekatika. Mhariri wa zamani alikuwa akimwambia, "Wewe lete tu, mama. Koma nitaweka mimi."

Mhariri yule akastaafu. Akaja mwingine, bwana mwenye shahada mbili na tai ya kila siku, ambaye waandishi hawakuchelewa kumbandika jina la Cheti. Wiki ileile aliwaita waandishi wote wa kujitegemea katika chumba cha mikutano, kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo, akawataka wajitambulishe: unaandika nini, na umesoma mpaka wapi.

Zamu ikamfikia. "Kidato cha pili," alisema Mama Pacha.

Cheti akaweka kalamu chini. "Cha pili? Ndiyo maana makala yako imenishinda kumaliza. Mama, ule ni umbea wa uani. Hili ni gazeti, si saluni."

Watu wakacheka, hata wale aliozoea kuwashikia viti.

Makala yenyewe ilimhusu mama mkwe wake, mwanamke aliyemkataa tangu siku ya kwanza, akimwita wa kuokotwa, kisha akapooza. Mama Pacha ndiye aliyemwogesha mpaka mwisho. Siku moja, akisuguliwa mgongo, mgonjwa alisema, "Mikono yako si mibaya." Basi, hakuongeza neno. Mama Pacha alikuwa ameiandika makala ile akilia, na sasa imeitwa umbea.

"Achana naye, dada," alisema mdogo wake, karani wa benki, walipokuwa wakianua nguo. "Magazeti ni mengi."

"Magazeti ni mengi, yeye ni mmoja. Nitakula naye sahani moja."

Alisubiri mpaka mvua zikaisha. Kisha akafungua anwani mpya ya barua pepe, akachukua jina la marehemu nyanya yake, akalitangulizia Dkt., akaongeza mistari miwili kuhusu masomo ya ng'ambo. Makala hakuigusa. Alibadilisha kichwa tu: "Mgongo wa Mama Mkwe" kikawa "Mwili, Aibu na Mamlaka katika Familia Pana". Akatuma.

Jibu lilikuja chai haijapoa. "Daktari, ni heshima kubwa kwetu. Uchambuzi wa kina! Kalamu ya msomi haijifichi." Mama Pacha alicheka mpaka mapacha wakaja kuona kulikoni.

Makala ikatoka, nusu ukurasa, na Cheti mwenyewe akaiandikia utangulizi akiwasihi waandishi wasio na mafunzo waisome wajifunze. Haikutosha. Akamwalika Daktari aje kuzungumza kwenye semina ya waandishi. Daktari akakubali kwa unyenyekevu.

Siku ya semina, Cheti alishika kipaza sauti akasoma sifa za mgeni, akizilamba moja moja. "Karibu sana, Daktari!"

Mama Pacha akainuka kutoka kiti cha mbele.

Cheti akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Mama, kaa kwanza. Tunamkaribisha mgeni."

"Umeshamkaribisha. Ndiye huyu."

Akakichukua kipaza sauti mkononi mwake, akaisema aya ya kwanza ya makala bila karatasi. "Huu ndio ule umbea wa uani," alisema. "Sijabadilisha ndani hata neno. Nilichobadilisha ni mtu."

Shingo ya Cheti ilivimba juu ya tai. Mama Pacha aliitazama bila haraka, kama mtu anayekula kitu kitamu na hataki kiishe.

"Umedanganya!" Cheti alifoka.

"Nimedanganya. Na wewe, uliisoma makala, au ulisoma Dkt.?"

Vicheko vikapasuka. Angeondoka hapo, ushindi ungekuwa mzima. Lakini binti mmoja, mhitimu mpya, akasimama nyuma. "Mama, mimi shahada yangu nimeisotea. Ukijibandika udaktari leo, kesho mimi nikija na shahada yangu ya kweli, nani ataniamini?"

Mama Pacha alikuwa amejiandaa kwa Cheti, si kwa binti huyu. "Hilo sikulifikiria," alisema, akakaa.

Gazeti likampiga marufuku kwa udanganyifu, naye hakulalamika. Cheti akahamishiwa matangazo ya vifo. Jarida moja likamtafuta Mama Pacha. Mhariri wake, mama wa makamo, akamrudishia makala ya kwanza aliyowaandikia, imejaa wino mwekundu. Mama Pacha alinuna, akaisoma tena, akakubali kwamba mengi yalikuwa kweli. Akajiandikisha masomo ya jioni ya sarufi, na ni mdogo wake tu aliyeambiwa.

"Kwa hiyo Cheti umeshamsamehe?" mdogo wake aliuliza.

"Nani kasema?"

Kila Jumapili hununua gazeti lile na kuanzia matangazo ya vifo, akitafuta kosa. Juzi alilipata: marehemu anawashukuru wote waliohudhuria mazishi yake. Alilikata kwa mkasi, akalibandika juu ya jiko, akaendelea kupika huku akipiga mluzi.