Bamba la Shemeji na Bamba Langu

Katika ukoo wa marehemu mume wangu kuna miguu miwili iliyotiwa chuma: wa shemeji yangu na wangu. Wake ulivunjika wakati wa vita. Wangu aliuvunja yeye. Wenzangu hulinganisha wakwe, hulinganisha mapadri na mahubiri yao. Mimi kwa miaka mingi nimelinganisha mabamba ya chuma, na nimeyalinganisha kwa chuki. Sisemi hivi kwa aibu. Asiyependa chuki asome habari za mtu mwingine.

Nianze na mguu wake, maana aliutangaza mwenyewe kila mahali. Mizinga ilipoanza kusikika kutoka ng'ambo ya Mto Kagera, shemeji alikuwa mgambo. Walipakiwa kwenye lori mjini Bukoba, na kabla hajamwona adui hata kwa mbali, lori likaingia mtaroni, naye akaruka. Akatua vibaya, kifundo cha mguu wa kulia kikapinduka. Hospitali ilikuwa imejaa majeruhi, na madaktari wakafanya kilichowezekana upesi: wakapasua upande wa nje wa mguu, wakalaza bamba la chuma ubavuni mwa ule mfupa mwembamba, wakalikaza kwa skrubu, wakashona. Mfupa ukaunga, akatembea. Sina ugomvi na madaktari wale. Walimtibu mtu bila kumjua.

Kuanzia hapo ule mguu ukawa cheo. Penye rubisi, yaani pombe yetu ya ndizi, alikunja suruali na kuwaambia watu, "Shikeni! Hiki ni chuma cha taifa." Vichwa vya skrubu vilitokeza chini ya ngozi kama maharage chini ya kitambaa. Na mimi nilishikishwa, nikiwa bibi harusi mgeni pale Buganguzi, kijijini kwao, na nikatakiwa kusema pole. Nilisema. Lakini nilikuwa na macho. Niliona kwamba siku zote alivaa kandambili, na Jumapili alipolazimika kuvaa viatu vya kufunga, akitoka kanisani alivivua njiani akavibeba mkononi. Pale kwenye kifundo hapana nyama. Ni ngozi na chuma tu, na kiatu hakina huruma.

Mume wangu alikuwa tofauti kabisa na kaka yake. Mpole, mcheshi, alinunua samaki kwa wavuvi wa visiwani na kuwauza Nshamba. Safari moja alirudi amekonda. Ule ugonjwa mwanzoni tuliuita Juliana, kwa jina la mashati ya magendo yaliyokuwa yanapita mpakani. Baadaye hatukuuita chochote. Mtu alisema "anaumwa", na kila mmoja akaangalia chini. Tulimzika nyuma ya nyumba, katikati ya migomba yake, ndivyo tunavyozika. Nikabaki na mabinti zangu, na kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa, na kaburi.

Matanga hayajapoa, shemeji akaja akakaa kwenye kiti cha marehemu. "Shemeji," akasema, "kibanja ni cha ukoo. Una watoto wa kike, na watoto wa kike wataolewa. Wewe rudi kwenu Izigo." Alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu kufunga mlango. Nikamwuliza nani atakayepalilia kaburi la mdogo wake. Akasema ukoo upo. Maawe! Ukoo ule ule ambao marehemu alipokuwa anaharisha haukuingia chumbani hata kumshikia beseni.

Niligoma kuondoka. Basi asubuhi moja baada ya mvua nikamkuta kwenye mteremko wa chini, anachuma kahawa yangu iliyoiva, kikapu kimejaa. Nikakishika. Akavuta. Nikavuta. Ndipo akaachia kikapu na kunisukuma kifuani kwa mikono miwili. Udongo ulikuwa telezi, mguu ukanasa kati ya mashina mawili ya mgomba na mimi nikaanguka nyuma. Nilisikia mfupa ukikatika kifundoni. Yeye alisimama akaniangalia, akaokota kikapu, akaondoka nacho. Kwa watu alisema nimeteleza. Hakuna mwingine aliyekuwepo, na neno la mjane lina uzito gani mbele ya neno la mwanamume mwenye chuma cha taifa mguuni?

Majirani walinibeba kwa machela hadi barabarani, nikapata gari la kunifikisha hospitali ya misheni. Wodi ilikuwa imejaa watu waliobaki mifupa na macho. Nilichoogopa si kisu, niliogopa kuongezewa damu, maana wakati ule kila mtu alikuwa na hadithi yake kuhusu damu. Daktari mpasuaji, mzee mnene mwenye miwani, akaniahidi kwamba hataniongezea isipokuwa nikiwa nakufa. Kisha akaiinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, mfupa wako umekatika mshazari. Ona, kipande hiki cha chini kinataka kuteleza kwenda nyuma na juu. Naweza kulaza bamba ubavuni. Ni rahisi kufika, na wengi tunafanya hivyo. Au naweza kuliweka nyuma ya mfupa, likakaa kama kizuizi, kipande kisipate njia ya kuteleza. Huko nyuma kuna nyama ya kulifunika."

"Na ubaya wake?"

"Upo. Kuna mishipa ya kano inayopita nyuma, huenda ikasuguliwa. Na kufika huko ni kazi zaidi kwangu."

Nikamweleza habari za shemeji, vichwa vya skrubu, viatu. Nilitaka kusikia kwamba alitibiwa ovyo. Daktari akatikisa kichwa. Hakuna bamba baya, akasema. Kuna mfupa umevunjikaje, na kuna vifaa gani siku hiyo. "Lakini kama mfupa umeshaunga na chuma kinamsumbua, mwambie arudi bamba litolewe. Si kazi kubwa."

"Nitamwambia, daktari."

Thubutu! Nimwambie ili iweje? Nililala pale, bamba limewekwa nyuma ya mfupa, mguu ukiwa kwenye hogo la plasta, nikajua kitu kimoja ambacho shemeji hakijui, na kikanipa usingizi kuliko dawa. Ni mtu mwingine aliyekuja kumwambia, baada ya miaka. Bamba likatolewa, akapona, na habari hizo ziliniharibia wiki nzima.

Nilipotoka hospitali na magongo, nikakuta ameshapeleka shauri kwa wazee wa ukoo. Na alikuwa amelipanga vizuri. Kwetu, watu wawili wakigombea kibanja, wazee hawakai chini wakasikiliza maneno tu. Wote wawili huzungushwa mpaka, kwa miguu yao wenyewe, na kila mlamula, ile miti myembamba iliyopandwa kuonyesha mpaka, mdai anaushika kwa mkono na kusema upande wa pili ni kwa nani. Anayeongoza ni yule anayekaa ndani ya kibanja. Asiyefika mwisho wa mpaka, hana neno. Shemeji aliomba jambo lifanyike haraka, wiki ile ile, eti migomba isije ikaharibika. Aliangalia magongo yangu wakati anasema.

Nililia siku hiyo, nisidanganye. Kama nisingeweza kuzunguka, mimi na watoto tulikuwa tumetoka. Lakini kuna jambo alilolisahau, sijui alilisahauje. Kaburi bichi likiwepo katika ukoo, mipaka haiguswi. Na miaka ile, ni lini tulikosa kaburi bichi? Akafa binamu yao aliyekuwa dereva. Siku ikasogezwa. Akafa mke wa binamu. Ikasogezwa. Akafa mwalimu, kijana mzuri, kisha dada yake aliyekuja kumzika. Kila msiba nilikwenda, kwanza kwa magongo, halafu kwa fimbo, nikalia na wenye kulia, machozi ya kweli kabisa, na moyoni nikahesabu kwamba mfupa umepata muda. Ndivyo dunia ilivyokuwa. Wafu wa ukoo ule walinisaidia kuliko walio hai.

Na sikukaa bure. Hogo lilipotolewa mguu ulikuwa mwembamba kama mwiko. Nikaanza kuteremka chemchemi na kupanda, kuteremka na kupanda, jioni unavimba, asubuhi naanza tena. Nyuma ya kifundo nilisikia kitu kikisugua nikipanda, kama alivyosema daktari. Lakini ubavuni palikuwa laini. Nikanunua raba, nikazifunga kamba mpaka juu, zikakaa. Nilimwazia shemeji kila hatua. Wengine husali rozari.

Siku ikaja. Wazee wakaja na fimbo zao, wakiongozwa na baba mkubwa wa marehemu, mzee wa maneno machache. Shemeji naye akaja, na nilipomwona miguuni nusura nicheke. Alikuwa amevaa buti zake za mgambo! Zimepigwa kiwi zinang'aa, zimefungwa hadi juu ya kifundo. Alitaka ukoo uone askari.

"Umependeza, shemeji," nikamwambia.

"Ahsante. Twende upesi, usije ukachoka."

Mimi ndiye niliyeongoza. Ningeweza kuanzia juu, kando ya barabara, ambako ni tambarare. Nikaanzia chini kabisa, kwenye tope la bondeni, halafu nikapanda ukingo wa mawe, halafu nikateremka tena kufuata mpaka wa jirani, jinsi ulivyopinda. Ni njia halali, mpaka ni duara. Nilishika mlamula, nikataja jina la jirani, nikasonga. Shemeji alishika, akataja, akasonga. Kwenye tope alikuwa bado anatania. Kwenye mawe akanyamaza. Mteremko wa pili ulipoanza nikasikia anavyovuta pumzi kwa meno.

"Pole pole kidogo," akasema.

"Kwani umechoka, mwanajeshi?" nikamjibu, na wazee wawili wakaguna kwa kicheko. Nilifurahi sana. Nami niliumia, msidhani. Kano zilikuwa zinawaka nyuma ya mguu. Lakini maumivu yangu yalikuwa ya kutembea, yake yalikuwa ya kusagwa.

Tukafika pale kwenye kahawa ya chini. Akakaa chini bila kuomba ruhusa, akafungua kamba, akavua buti. Soksi ilikuwa imelowa damu. Ngozi ilikuwa imechanika juu ya skrubu, na chuma chenyewe kikaonekana, kidogo tu, cheupe.

"Nitaonyesha kwa macho kutokea hapa," akamwambia baba mkubwa. "Huu mguu uliumia kwa ajili ya nchi."

Mzee akaniangalia mimi, nimesimama. "Na huyu? Si aliumia juzi tu? Mbona anatembea?"

Hapo ndipo shemeji alipojimaliza. Maumivu na hasira vilimpanda pamoja, akanionyesha kidole na kufoka, "Ningejua atapona hivi, ningemsukumia kule kwenye mawe!"

Nikaona lile neno likimrudia shemeji usoni, akafungua mdomo alifute. Baba mkubwa akamwuliza polepole, "Ulisema aliteleza." Kisha akamgeukia mzee aliyekuwa karibu naye, wakaangaliana, akanipa ishara kwa fimbo kwamba niendelee.

Nilizunguka mpaka uliobaki, wazee nyuma yangu. Nilishika kila mti. Tulipomaliza, baba mkubwa akasema mbele ya wote kwamba mjane na watoto wake hawatoki, na kwamba atakayeingia kuchuma hata punje moja bila ruhusa yangu ataitwa mwizi. Nilipiga magoti nikashukuru kama inavyopasa.

Tuliporudi, shemeji alikuwa bado amekaa pale pale, buti moja mkononi. Vijana wa ukoo wakamwinua, mmoja huku mmoja kule, wakampandisha hadi uani. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Akaniomba, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nimpe maji na kigoda, akae kivulini kidogo mguu upoe.

"Shemeji," nikamwambia, "toka kwanza kwenye kibanja changu."